Mahindi Tunayapima, Biskuti Je?

  

Leo nataka nianze na mahindi, kisha tutafika kwenye bangi.

Mnakumbuka Machi 2021. Tarehe 5 mwezi huo, Mamlaka ya Kilimo na Chakula ya Kenya ilisimamisha mahindi yote yanayotoka Uganda na Tanzania. Sababu ilikuwa sumukuvu, ile wengi wetu tunaiita aflatoksini. Malori yakakwama hapa Busia na kule Malaba, na wenye mali wakalala juu ya magunia yao. Siku chache baadaye mlango ukafunguliwa kwa masharti: kila shehena iwe na cheti cha kuonyesha kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 katika bilioni. Msikilizaji, bilioni. Ni kama kusema katika punje bilioni moja tumeruhusu mbaya 10 tu. Akina mama wanaouza mahindi walilalamika, na walikuwa na haki ya kulalamika, maana walioumia kwanza ni wao. Lakini hakuna aliyesema kwamba kupima ni upuuzi. Tulielewa kwamba sumu hiyo haionekani, haina harufu, na inakula ini polepole.

Basi kituo chetu cha pamoja cha mpakani, kile ambacho marais Kenyatta wa Kenya na Museveni wa Uganda walikuja kukizindua Februari 2018, kinaweza kusimamisha lori zima kwa ajili ya kitu kidogo kiasi hicho. Sasa niambie, ni nani amewahi kupima biskuti?

Nazungumzia biskuti za bangi. Mnazijua. Vijana wanazijua zaidi. Zipo pia keki, na mabuyu yaliyopakwa rangi nyekundu yakang'ara kama yale ya kawaida. Zinauzwa stendi, zinauzwa karibu na shule, zinapitishwa mkono kwa mkono, na aliyebeba hana wasiwasi kwa sababu hazitoi moshi wala harufu ya kumshtua polisi.

Mtoto wa jirani yangu, wa miaka minne, alizikuta kwenye mfuko wa jaketi la mjomba wake. Alikula mbili. Mtoto akikuta biskuti afanye nini kingine? Kwa muda wa saa nzima hakuna aliyegundua kitu. Kisha akaanza kuyumba. Akacheka bila sababu, akalia, akalala. Mama yake akamwamsha hakuamka. Macho mekundu, mdomo mkavu, mapigo ya moyo yanakimbia. Walifikiri malaria, kwa sababu huku kwetu kila homa ya mtoto huanza kwa jina hilo. Kipimo cha malaria kikaonyesha hana. Shangazi mmoja akasema mtoto ametupiwa kitu. Na muda wote huo mjomba amekaa kwenye benchi, kichwa chini, anajua na hasemi, kwa sababu anaogopa pingu.

Alisema mwishowe. Daktari hakumgombeza. Alimuuliza swali moja tu: katika kila biskuti kulikuwa na kiasi gani? Kijana akajibu kwamba hajui, na hata aliyemuuzia hajui.

Mtoto alipona, namshukuru Mungu. Aliangaliwa hadi siku ya pili, akaamka akaomba uji. Lakini swali la daktari limenikaa moyoni tangu siku hiyo, na ndilo lililonileta hapa leo.

Tuelewane kwanza kuhusu mmea wenyewe. Neno bangi ni la zamani katika Kiswahili, lilikuja na upepo wa Bahari ya Hindi kutoka India pamoja na maneno mengine ya biashara. Ndani ya mmea huu mna kemikali zaidi ya 100 za jamii moja, na mbili ndizo zinazosemwa sana. Ya kwanza wataalamu wanaiita tetrahidrokanabinoli, kwa kifupi THC. Hiyo ndiyo inayolewesha. Ilitengwa na kuelezwa mwaka 1964 na Raphael Mechoulam na mwenzake Yehiel Gaoni kule Israel. Ya pili ni kanabidioli, CBD, ambayo haileweshi. Miili yetu ina vipokezi vinavyopokea THC, vingi vikiwa ubongoni, sehemu zinazoshughulika na kumbukumbu, hofu, njaa, mwendo na hisia ya wakati kupita. Ndiyo maana aliyevuta husahau alichoanza kusema, huhisi njaa, na dakika tano kwake huwa kama nusu saa.

Anayevuta msokoto, moshi hufika mapafuni na ubongo ukapata habari katika dakika chache. Akihisi imetosha anaweza kuacha. Anayekula hana breki hiyo. Bangi iliyoliwa hupita tumboni, huenda kwenye ini, na ini huigeuza THC kuwa kitu kingine chenye nguvu zaidi ubongoni. Safari hiyo huchukua nusu saa, saa moja, mara nyingine saa mbili. Kijana anakula biskuti moja, anangoja, haoni kitu, anasema hii ni feki, anakula ya pili na ya tatu. Halafu zote zinamfikia pamoja, na zinaweza kukaa naye saa sita, nane, hata kumi na mbili. Anadhani anakufa. Anatetemeka, anaona watu wanamfuata. Mtu mzima mwenye afya kwa kawaida atapona baada ya kulala. Mwenye ugonjwa wa moyo ana hatari kubwa zaidi, kwa sababu moyo hukimbizwa. Na mtoto mdogo, mwili wake ulivyo mwepesi, anaweza kupoteza fahamu na pumzi ikalegea.

Kwa hiyo mzazi, ikitokea, usimlazimishe mtoto kutapika, na usimpe maziwa wala mafuta. Mlaze kwa ubavu, mpeleke hospitali, beba karatasi ya biskuti au kipande kilichobaki, na umwambie daktari ukweli wote mlangoni. Daktari anatafuta dawa, hatafuti mshtakiwa.

Nimeshasikia hoja ya vijana wangu wa bodaboda, na naiheshimu kwa sababu kazi hii ya boda ni kazi ya mji huu. Jina lenyewe lilizaliwa hapa, baiskeli zikibeba watu na mizigo kutoka mpaka mmoja hadi mwingine. Wao huniambia: mzee, pombe inaua zaidi. Ni kweli pombe inaua, tena kwa wingi. Wananiambia pia kwamba bangi ni majani, Mungu aliyaotesha. Nami huwauliza, bangi ipi? Maana kule Marekani, ambako wamepima zilizokamatwa mwaka baada ya mwaka, THC ilikuwa karibu asilimia 4 mwaka 1995, ikafika karibu asilimia 12 mwaka 2014. Mafuta yanayokamuliwa kutoka humo huweza kupita asilimia 60. Babu aliyevuta kiko chake jioni na kijana anayevuta mafuta hayo leo hawatumii kitu kimoja, ingawa jina ni moja.

Nguvu hiyo ina maana yake. Mwaka 2019 jarida la Lancet Psychiatry lilichapisha utafiti ulioongozwa na daktari Marta Di Forti, uliokusanya wagonjwa kutoka sehemu 11 za Ulaya na Brazil. Waliokuwa wakitumia bangi kila siku walikuwa na uwezekano wa karibu mara tatu zaidi wa kupata ugonjwa wa akili ule wa kusikia sauti na kuona visivyokuwepo, wakilinganishwa na wasiowahi kuitumia. Waliotumia kila siku ile kali, yenye THC ya asilimia 10 na zaidi, ilikuwa karibu mara tano. Wengi wanaovuta hawapati wazimu, na nikisema kinyume nitakuwa nawadanganya, na kijana akigundua umemdanganya kwa moja hatakusikiliza kwa la pili. Lakini wenye hatari kubwa ni walioanza mapema, wanaotumia kila siku, na wenye ndugu aliyewahi kuugua akili. Kwa ujumla, katika kila watu 10 wanaoijaribu, karibu mmoja hushindwa kuiacha. Wakianza wakiwa vijana wadogo, ni mmoja kati ya 6.

Kuna ugonjwa mwingine ambao sijausikia ukitajwa hapa kwetu. Mtu aliyetumia kwa wingi kwa miaka huanza kutapika siku nzima, tumbo linamkata, na kinachompa nafuu ni kuoga maji moto tu. Atapewa dawa za vidonda vya tumbo, atapewa za malaria, atapewa za taifodi, na hataulizwa swali la bangi. Dawa yake hasa ni kuacha. Ukiona kijana wako anakaa bafuni akijimwagia maji moto mara tano kwa siku huku anatapika, muulize kwa upole.

Na kwa dereva anayenisikiliza: polisi wa trafiki wana kifaa cha kupima pombe, wewe unapuliza na namba inaonekana. Cha bangi cha namna hiyo hawana. Usichukue hilo kama ruhusa. Bangi hukawiza mguu kufika kwenye breki na huharibu makadirio ya umbali, na barabara ya kutoka Malaba kwenda Bungoma haina nafasi ya makosa, hasa usiku.

Sasa sheria. Kenya tuna Sheria ya Dawa za Kulevya ya mwaka 1994, iliyorekebishwa mwaka 2022. Zamani aliyekutwa na bangi ya kutumia mwenyewe angeweza kufungwa miaka 10. Baada ya marekebisho, kifungo ni kisichozidi miaka 5 au faini isiyozidi shilingi 100,000. Ulanguzi una adhabu nzito zaidi kwa mbali. Ukishikwa, sampuli hupelekwa kwa Mkemia wa Serikali, naye huulizwa kama kweli hii ni bangi. Korti hutaka kujua pia ni kilo ngapi, au misokoto mingapi. Hakuna anayeuliza ina nguvu kiasi gani, ina kuvu, imepuliziwa dawa ya wadudu, imechanganywa na nini. Yaani tumejenga mzani mkubwa wa kupima hatia, na hatukujenga hata kijiko cha kupima sumu.

Ng'ambo ya pili mambo yamekuwa na mkanganyiko wake. Tarehe 5 Mei 2023, Mahakama ya Katiba ya Uganda ilibatilisha sheria yao ya dawa za kulevya ya mwaka 2015, kwa kuwa Bunge liliipitisha bila akidi ya wabunge. Waliokwenda mahakamani walikuwa wakulima na wauzaji wa miraa wa Wakiso. Mahakama haikusema kwamba bangi ni salama wala kwamba ni halali. Lakini habari ilipovuka kuja huku ilikuwa imevaa nguo nyingine, na nilisikia kwa masikio yangu watu sokoni wakisema Museveni amefungulia bangi. Agosti mwaka huohuo Bunge la Kampala lilipitisha sheria mpya, kali, ambayo baadaye ilitiwa saini. Habari hiyo ya pili haikuvuka mpaka kwa kasi ileile.

Na bado kule Uganda, upande wa Kasese, limewahi kuwepo shamba lenye leseni lililokuza bangi ya dawa kwa ajili ya kuuza nje. Fikirini jambo hili nami kidogo. Bangi inayotoka kwenye shamba la aina hiyo kwenda kwa mgonjwa wa Israel au Ujerumani haiwezi kuingia bila karatasi ya maabara: THC asilimia ngapi, CBD asilimia ngapi, kuvu, madini mazito, mabaki ya dawa za shambani. Ile inayovuka kwa njia za panya kuja kwetu, juu ya pikipiki au chini ya gunia la omena, haina karatasi yoyote. Mmea mmoja, nchi moja ulikootea. Mgonjwa wa mbali amehesabiwa gramu kwa gramu, na mtoto wa Busia anakula asichokijua. Hili linaniuma, siwafichi.

Wapo watakaosema dawa ni kuiruhusu. Hoja hiyo ina watu wake wa heshima. Marehemu Ken Okoth, mbunge wa Kibra, aliliandikia Bunge mwaka 2018 akitaka msaada wa kuandaa mswada. Jirani yetu wa Matungu, Profesa George Wajackoyah, aliifanya kuwa kampeni ya urais mwaka 2022 na kupata kura 61,969. Ndugu zetu Marasta walikwenda Mahakama Kuu mwaka 2021 wakitaka waruhusiwe kuitumia katika ibada. Kwa upande wa serikali, mnamo Desemba 2020, Tume ya Umoja wa Mataifa ya dawa za kulevya ilipopiga kura kuiondoa bangi katika orodha ya zile hatari zaidi zisizo na faida, pendekezo lilipita kwa kura 27 dhidi ya 25, na Kenya ilikuwa miongoni mwa hizo 25.

Mimi sisimami na anayesema iachwe huru kama sukumawiki. Nimeona hospitali. Lakini sisimami pia na anayedhani kazi inaisha pale kijana wa misokoto miwili anapotupwa rumande huku mwenye gari lililobeba magunia hajulikani jina. NACADA, mamlaka ya kitaifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ilipofanya utafiti wake wa 2022 ilikadiria Wakenya 518,807 wa miaka 15 hadi 65 wanatumia bangi, yaani mmoja kati ya 53, na kwamba idadi imepanda kwa karibu asilimia 90 katika miaka mitano. Hakuna seli za kuwatosha hao. Sheria hiyohiyo ya 1994 inampa hakimu nafasi ya kumpeleka mraibu kwenye matibabu. Naomba nafasi hiyo itumike.

Nigusie mafuta ya CBD, maana kuna mama mmoja wa Adungosi aliniuliza. Mwanawe ana kifafa, na aliona kwenye simu kwamba mafuta ya bangi yanaponya. Mama, kuna ukweli ndani yake. Mwaka 2018 Marekani iliidhinisha dawa inayoitwa Epidiolex, ni CBD iliyosafishwa, kwa aina chache za kifafa kigumu cha watoto. Hupimwa kwa uzito: mtoto wa kilo 15 aliyezoeshwa hupewa kama miligramu 150 hadi 300 kwa siku, chini ya daktari, na ini lake linachunguzwa kwa sababu dawa hiyo inaweza kuliumiza na kugombana na dawa nyingine za kifafa. Hiyo ni habari tofauti na kichupa kinacholetwa na mtu wa mtandaoni. Watafiti walinunua bidhaa 84 za CBD mtandaoni huko Marekani, matokeo yakachapishwa 2017: ni 26 tu zilizokuwa na kiasi kilichoandikwa kwenye lebo, na 18 zilikutwa na THC ndani. Kama Marekani ni hivyo, kichupa cha stendi je? Majani ya kuchemsha nayo yana THC, usimpe mtoto. Na tafadhali usimwachishe dawa zake za kifafa ghafla. Anaweza kuanguka kifafa kisichokatika, na hicho huua.

Jambo la mwisho limetokea mbali kidogo, Sierra Leone. Huko vijana walianza kuvuta kitu kinachoitwa kush. Wengi walidhani ni bangi tu iliyokolezwa. Aprili 2024 Rais Bio alitangaza hali ya hatari ya kitaifa kwa sababu yake. Uchunguzi wa maabara ulikuta ndani kemikali za kutengenezwa kiwandani zinazoiga bangi kwa nguvu kubwa zaidi, na nyingine za jamii ya nitazini, ambazo ni ndugu wa heroini na kali kuliko heroini. Majani yalikuwa chombo cha kuzibebea tu. Biashara isiyo na anayeipima huweza kubadilisha kilicho ndani bila kubadilisha jina, na mnunuzi akawa wa mwisho kujua.

Mpaka wetu una uzoefu mrefu wa magendo. Wazee wanaikumbuka kahawa ya Chepkube, miaka ya 1976 na 1977, ilivyovuka usiku juu ya vichwa na baiskeli. Kahawa haikuwalaza watoto hospitalini. Kwa hiyo ombi langu kwa kaunti, na kwa serikali zote mbili zinazokaa chini ya paa moja pale kituoni, ni dogo. Vile mlivyojifunza kupima mahindi, pimeni basi vinavyokamatwa, biskuti, mabuyu na mafuta, si kwa ajili ya kesi pekee bali ili hospitali za Busia, Alupe na Kocholia zijue wiki hii kuna nini mtaani. Mkikuta kitu kipya, tupeni habari redioni siku hiyohiyo, nasi tutaitangaza kwa Kiswahili, Kiluhya na Kiteso.

Na wewe unayetaka kuacha, au mzazi usiyejua pa kuanzia, piga 1192. Ni laini ya NACADA, haina malipo, mchana na usiku.

Ile karatasi ya nailoni ya biskuti, mama wa mtoto alinipa mimi, akasema wewe mtu wa redio utajua pa kuipeleka. Makombo yamo bado. Nilizunguka nayo ofisi tatu. Ya kwanza waliniuliza mshukiwa ni nani, ya pili waliniambia hawapokei vyakula, na ya tatu walinitazama kwa namna iliyonifanya niirudishe mfukoni. Iko nyumbani, nimeifungia kabatini, juu kabisa, ambako watoto hawafiki.